Jina Lililokuwa Ndani ya Diski

Nilichomeka diski ya mdogo wangu kwenye kompyuta ya dukani, nikakaa nikisubiri ifunguke, na kompyuta ikaniandikia kwamba diski hiyo haisomeki, lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Unataka kuifomati? Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, nakala moja tu duniani, na kesho yake sauti hiyo ilikuwa impe mtoto jina.

Ngoja nieleze vizuri, maana mpaka leo nikiikumbuka siku ile naongea haraka haraka na watu hawanielewi.

Kwetu Walugbara mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Jina hutolewa na wanawake, mama wa mtoto au bibi mzaa baba, na mara nyingi linasema yaliyokuwa yakiendelea nyumbani mtoto alipokuja. Kama palikuwa na msiba, jina litataja msiba. Kama mume alikuwa mlevi, basi atamwita mwanawe kwa ulevi wake mwenyewe maisha yake yote, na majirani watasikia. Wanawake wetu wamesema mengi kwa njia hiyo ambayo wasingethubutu kuyasema mbele ya wazee. Mimi mwenyewe jina langu ni njaa, na hapo sitaongeza neno. Na katika ukoo wetu, bibi akiwa hayupo, shangazi ndiye anayesimama mlangoni siku mtoto anapotolewa nje na kumwita kwa mara ya kwanza. Shangazi nilikuwa mimi.

Nina duka Arua, upande wa soko. Nataipu, naprinti, natengeneza programu za harusi na za mazishi, naweka nyimbo kwenye memori kadi za simu. Natumia Windows. Nilianza nayo nikiwa msichana, vidole vyangu vinaijua kuliko vinavyojua kusuka nywele, na ukiniambia nibadilishe utakuwa umenitukana. Mdogo wangu wa kiume anafundisha kompyuta Koboko, kwenye kituo cha vijana, wenyeji na wakimbizi wa Sudan Kusini wakiwa pamoja. Yeye ni mtu wa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Tena afadhali angekuwa mtu tu. Yule ni mhubiri kabisa.

Ukimkuta ameanza, humnyamazishi. Linux ni ya bure, wewe unatumia ya wizi uliyowekewa na fundi wa mtaani. Linux haishikwi na virusi ovyo, wewe kila wiki flashi za wateja zinakuchafua. Linux inafufua mashine kuukuu zilizotupwa, wewe unataka mpya kila mara. Nami sikai kimya, sijazaliwa hivyo. Nilikuwa namwambia: wateja wangu wote wanaleta kazi zao kwa Windows, nikikutumia wewe zinarudi maneno yameruka mistari, picha ya bibi harusi imeenda kukaa juu ya jina la padri. Hiyo ni akili? Krismasi moja alikuja na flashi mfukoni akataka kunibadilishia kompyuta nikiwa jikoni napika. Nilimfukuza na mwiko, unga wa muhogo mpaka kwenye viatu vyake vipya.

Mama alikuwa akituangalia, mara huyu, mara yule, halafu anauliza, "Hicho mnachogombania kinaliwa?"

Tulikuwa tunacheka kidogo, kisha tunaendelea.

Mama alipozidiwa tulimlaza Kuluva, kwenye hospitali ya misheni. Wakati huo mke wa mdogo wangu, binti kutoka Ludara, alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kungoja mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mama alijua hatamwona mtoto. Hakuzungukazunguka, alisema waziwazi, sisi tukawa ndio tunaolia. Akasema jina analo, lakini jina halitamkwi mbele ya watu mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo tutafute mahali pa kuliweka lisubiri. Mtu yeyote asilisikie mpaka siku ya kumtoa mtoto nje.

Simu yangu ingetosha. Simu ya mtu yeyote pale wodini ingetosha. Lakini mdogo wangu alikuwa amekuja na kompyuta yake ya mkononi, akaona hapo ndipo pa kuonyesha mashine yake inavyojua kazi. Akaiweka juu ya kiti karibu na kitanda, akaiwasha irekodi, na mama akamwambia atoke. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, nakoroga uji kwenye jiko la makaa pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Mdogo wangu akaja akachuchumaa karibu nami. Tukakaa pale tukizungumza mpaka mama alipotuita.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika nyumbani. Siku za msiba mvua ilimkuta mdogo wangu kwenye boda, maji yakaingia mkobani, kompyuta yake ikafa palepale. Tulibaki na diski ndogo ya nje ambayo alikuwa amehamishia ile sauti mapema, kwa usalama. Akanikabidhi mkononi mbele ya watu wa ukoo. "Kaa nayo wewe, dada. Wewe ndiye shangazi." Niliivingirisha kwenye kilemba cha mama nikaiweka ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati, na watoto wangu wote walijua kwamba atakayeligusa bati lile atalala nje.

Mtoto akazaliwa Koboko, msichana, mzima. Siku ya kumtoa nje ikapangwa, na siku moja kabla yake nikalishusha bati nikaenda nalo dukani. Nia yangu ilikuwa kuinakili ile sauti kwenye memori kadi ili tuichezeshe kwenye spika uani. Sikutaka kusikiliza. Kunakili tu.

Sasa rudini pale nilipoanza. Diski haisomeki. Unataka kuifomati?

Anayefanya kazi kama yangu anajua neno hilo lina maana gani: ni kufagia kila kitu kilichomo mpaka sakafu ibaki nyeupe. Lakini anajua pia kwamba mkono una mazoea yake. Flashi za wateja zinaniletea maneno hayohayo kila siku. Zimegoma, nabonyeza ndiyo, zinapona, mteja anafurahi, naweka nyimbo zake. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshafika. Nilikuwa nimeduwaa, natazama kioo, na kilichokuwa kinapita kichwani mwangu ni kimoja tu: diski ni tupu. Mdogo wangu na miujiza yake ya Linux hakuhifadhi kitu. Sauti ya mama haikuwahi kuwamo.

Mzee mmoja aliyekuwa anangoja kutolewa kopi akanyoosha shingo. "Mama, bonyeza tu. Hii kitu iko namna hiyo. Hata ya kwangu ilikuwa hivyo, sasa iko muzuri."

Jirani yangu wa barazani, mama wa Sudan Kusini anayeuza vitenge, akaniona uso. "Nini, dada? Mutu amekufa?"

"Bado," nikamwambia, "lakini nitamuua leo hii."

Nikachukua simu kwa mkono wa kushoto. Mdogo wangu alipopokea sikumsalimia. Nilimwaga yote: umenipa kopo tupu, umemdanganya mama kitandani, ulitaka kujionyesha, kiburi chako kimetuponza, kesho nitasimama mbele ya wakwe zako niseme nini, mjinga mkubwa wewe! Mzee wa kopi akarudi nyuma hatua. Nilipoishiwa pumzi nikasikia sauti ndogo sana upande wa pili.

"Dada. Umebonyeza?"

"Nibonyeze nini?"

"Imekuuliza kama unataka kuifomati. Umebonyeza ndiyo?"

"Bado. Nilitaka kukutukana kwanza."

Kisha nikasikia kiti kinalia, mtu amejiangusha juu yake. "Usiguse kitu," akasema. "Chomoa waya. Usibonyeze chochote, chomoa tu. Sauti imo. Mashine yako haijui kuisoma, basi. Dada, nakuomba, chomoa."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa bado juu ya mausi, kidole kimelala palepale. Yesu wangu! Nilichomoa waya kwa pupa mpaka kikombe cha chai kikaanguka, halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya duka langu mwenyewe, wateja wananitazama. Mama wa vitenge aliniletea maji. Watu wananilaumu kwa mdomo wangu tangu nikiwa shule ya msingi, lakini ningekuwa mpole siku ile, ningebonyeza.

Usingizi haukuja vizuri. Asubuhi nilipanda pikapu ya jirani anayepeleka magunia ya simsim Koboko, diski iko kifuani ndani ya kilemba cha mama, na njia nzima sikumjibu yule jirani zaidi ya eh na mm. Nilikuwa naogopa. Mdogo wangu alisema sauti imo, sawa, lakini yeye huyohuyo kila siku anasema kila kitu chake kimo. Na kama haimo? Mtoto atatolewa nje awe nani? Jina la bibi lilikuwa ndicho kitu pekee alichomwachia.

Nilimkuta kituoni, kwenye darasa lake, peke yake kati ya zile mashine zake za kuokoteza. Macho mekundu. Hatukusalimiana. Nikamkabidhi diski, akaichomeka, na kabla sijamaliza kukaza leso yangu kiunoni dirisha likafunguka kwenye kioo. Faili moja. Limeandikwa MAMA.

Nilianza kulia na kumpiga bega kwa wakati mmoja. "Kwa nini kwangu ilikataa? Kwa nini?"

"Diski imepangwa kwa mtindo wa Linux. Windows yako haiujui huo mtindo, kwa hiyo inadhani hakuna kitu."

"Hakuna mtindo ambao zote mbili zinaujua?"

Alikuwa anachezea ule waya. "Upo," akasema.

"Ni kazi kubwa?"

"Hapana. Ni jambo la dakika chache."

"Sasa?"

"Sasa nilifanya makusudi, dada." Hakunitazama. "Nilitaka siku moja ushindwe. Nilitaka uje mpaka hapa, uniombe nikufungulie, ukubali kwamba hiki changu nacho ni kitu. Sikufikiria ile ya kufomati. Haki ya Mungu, haikunijia kabisa. Usiku wote nimekuwa nakiona kidole chako."

Sauti ya mama yetu aliyekufa, na huyu aliifungia chumbani ili nije nigonge mlango wake! Nilitaka kumzaba kofi. Lakini nyumbani kwake watu wa Ludara walikuwa wameshaanza kufika, sufuria ziko motoni, na mtoto alikuwa anangoja jina. Nikamwambia, "Beba mashine yako twende. Tutaongea baadaye." Akaibeba.

Uani kwake palikuwa pamejaa. Wanawake wa Ludara upande mmoja na vigelegele vyao, sisi wa Arua upande wa pili, wanaume kwenye kivuli cha ukuta wakijifanya hawangojei chakula. Kompyuta ikawekwa juu ya stuli karibu na mlango, spika kando yake. Mke wa mdogo wangu akatoka na mtoto amemfunika kwa shuka nyeupe, akaja akasimama mbele yangu. Mdogo wangu akabonyeza.

Kwanza kukaja mlio wa kitanda cha hospitali. Halafu mama.

"Kinasema hiki?" akauliza kwa Kilugbara chake kile cha kukatakata. "Au kinanitazama tu?"

Watu walicheka wakiwa na machozi. Mimi niliushika mlango. Akamsalimia mkwewe, akamwambia asibebe ndoo nzito za maji, akamsalimia yule aliye tumboni kwa heshima kabisa, kama mtu mzima aliyepitia kubisha hodi. Akasema yeye hatakuwepo lakini asiogope, nyumba ina watu. Akasema, "Jina lako nimelitafuta, nimelipata. Ni jina la shukrani. Kwa sababu wazazi wako walikungoja na ume..."

Akanyamaza katikati ya neno.

Na kwenye ule unyamavu, kwenye spika, mbele ya wakwe wote, nikasikia sauti nyingine. Ilikuwa inatoka mbali kidogo, dirishani, lakini kila neno lilisikika. Ilikuwa yangu.

"Takataka yako hiyo haiwezi hata kufungua kazi niliyoitaipu mimi! Halafu unamletea mgonjwa!"

Na ya mdogo wangu: "Afadhali takataka ya halali! Wewe umejaza virusi humo mpaka mashine inakohoa kuliko mama!"

Na mimi: "Rudia! Rudia hilo neno nikumwagie huu uji!"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Kwangu yale yalikuwa mazungumzo ya kawaida, tulikuwa tunaongea hivyo siku zote. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya utosi. Kwenye spika tuliendelea kutupiana, wawili wazima wenye akili, hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mama yetu, na ule uji ukaungua, hata hilo lilisikika, mwanamke mmoja aliniambia uji wangu unaungua.

Mama akakohoa. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini, na haikuwa na hasira, na ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mmewasikia," akasema. "Hao ni watoto wangu. Wamekuja kuniaga. Hawagombanii shamba, hawagombanii ng'ombe. Mimi sijui hata wanagombania nini, na nimewauliza." Akapumua kwa muda. "Basi, mjukuu wangu, lile jina la shukrani nimeliacha. Nakupa hili."

Akalitaja. Sitaliandika, maana msichana ana haki ya kujitambulisha mwenyewe, lakini kwa Kiswahili maana yake ni: bado wanagombana.

Mwanamke mmoja wa Ludara aliguna, "Ala!" Mwingine akaanza kigelegele akakimeza. Nami nikadhani imekwisha, nikaomba Mungu iwe imekwisha, lakini mama alikuwa bado na neno moja.

"Na atakayemwita ni shangazi yake. Kwa mdomo wake huohuo."

Kisha akaita majina yetu, kwa sauti kubwa sasa, kuelekea dirishani. Tukasikika tunanyamaza. Tukasikika tunajibu, wote pamoja, "Naam, mama," kama watoto wadogo. Ndipo rekodi ikakatika.

Watu wote wakawa wananitazama. Mke wa mdogo wangu alinisogezea mtoto, na sikuona chuki usoni mwake, aliona aibu kwa niaba yangu. Nilifunua shuka. Alikuwa macho, ananikazia macho yake yale meusi, anangoja. Nyuma yangu nikasikia mdogo wangu analia waziwazi, mwanaume mzima, mbele ya wakwe zake. Nikainama mpaka karibu na sikio dogo la mtoto, nikamwita.

Sasa yule mtoto anatembea, anaongea, anapanda meza. Mimi bado ni wa Windows, na baba yake bado ni wa Linux, na sitawadanganya kwamba tumebadilika. Sikukuu iliyopita tulikuwa Koboko tunakula, mdogo wangu akasema jambo fulani kuhusu mashine zangu, nikaweka tonge chini nikavuta pumzi nimjibu. Mama mtu akatoka jikoni na sahani, akasimama kwenye mlango uleule, akamwita binti yake aje kunawa mikono. Aliita kwa jina lake kamili, kwa sauti, kama mama yeyote anavyomwita mtoto. Tukanyamaza wote wawili, tukaendelea kula.